Walivyolala Kama Mbegu ya Viazi

Mvua ya mawe iliwakuta katikati ya mianzi saa tisa alasiri, na hapo ndipo Kihara alipokumbuka kwamba hema lao liko kwenye pikipiki.

Wazo lilikuwa lake. Asubuhi, pale Keringet, jua likiwaka na mikanda ya mabegi ikiwakata mabega, alimsimamisha Kipkirui wa bodaboda na kumfungia mzigo wote nyuma: hema, blanketi, sufuria, makoti ya mvua. "Zunguka na barabara, boss. Sisi tunakata msitu na miguu. Saa kumi na moja tunapatana ng'ambo, kwa majani chai." Hakuna aliyempinga. Boda ipo, mgongo uumie kwa nini?

Sasa mawe yalishuka, kwanza kama punje za mahindi, kisha kama ndimu. Njia ikawa nyeupe. Wakajikunyata chini ya mianzi, mikono vichwani, mpaka yakageuka mvua ya kawaida, ile ya Agosti isiyo na haraka ya kuisha.

Kihara alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Njoro, na matembezi haya ya siku nne za likizo aliyapanga yeye. Milcah alisoma naye darasa moja. Wa tatu, Edinah, alikuwa mke wa kaka yake Milcah. Aliuza viazi soko la Njoro, na mtoto wake Jerry, wa mwaka na miezi miwili, alikuwa amebaki na nyanyake. Milcah ndiye aliyemsihi aje. "Wifi, tangu uolewe hujawahi kupumzika hata siku moja. Twende."

Wakafika kwenye kijito ambacho kwenye ramani ya simu kilikuwa uzi tu wa bluu. Kilikuwa kimefura, maji ya kahawia yakisukuma magogo. Milcah alikanyaga jiwe la tatu, akateleza. Maji yalimzoa, yakambamiza kwenye gogo, yakamfunika. Edinah, aliyekuwa ameshavuka, alijitupa kifudifudi ukingoni akashika mkono wa sweta. Sweta ikavutika, ikamponyoka. Akashika nywele, akavuta kwa nguvu zake zote. Kihara aliingia mpaka kiunoni, akamsukuma kutoka chini.

Walipomtoa upande wa pili, muundi wa mguu wa kushoto ulikuwa umepasuka, damu ikichuruzika na maji. Simu ya Kihara ilikuwa mfukoni alipoingia. Ikawa imekufa. Hizo zingine mbili, zilizokuwa kwenye kibegi cha Edinah, zilikuwa na chaji, lakini netiweki hakuna.

Edinah alivua kitambaa chake cha kichwa akafunga kidonda kwa nguvu. "Wifi, unanisikia?"

"Nakusikia." Meno ya Milcah yaligongana. "Lakini nywele... nilisuka juzi tu."

Wakacheka, wakaendelea. Kihara mbele, Edinah nyuma akimshikilia Milcah kiuno. Njia iligawanyika, ikagawanyika tena. Ukungu ukashuka.

"Tukikaza mwendo, nusu saa tumetoka," Kihara alisema.

"Hiyo nusu saa umeisema tangu saa nane."

"Mama Jerry, huku si sokoni. Tulia."

Edinah alikuwa amehisi kitu kiunoni pa Milcah. Mtetemeko ulikuwa umekoma. Milcah alisimama, macho mazito, akaanza kufungua zipu ya sweta yake iliyolowa.

"Niacheni nikae hapa kidogo," alisema polepole, maneno yakiburutana. "Joto limezidi."

Joto! Pumzi zao zilikuwa zikitoka kama moshi. Edinah aliijua baridi ya aina hiyo. Jerry alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na siku moja mtoto alipopoa na kutulia kimya, manesi walikuja mbio.

"Hatuendi popote," alisema. "Tukitembea tena, tutambeba akiwa maiti. Kihara, imebaki saa moja ya mwanga. Leta mianzi iliyoanguka, mikavu. Usikate mibichi, itakumalizia nguvu."

"Kwani unajua kujenga?"

"Najua kulaza mbegu."

Alikulia Keringet, kwenye mashamba ya watu, mama yake akiwa kibarua wa kuvuna viazi. Kila msimu walizilaza mbegu nje kwenye baridi ile ile: fito chini ili zisiguse udongo, majani makavu, mbegu, majani tena mengi, mfereji upande wa mlima, na tundu dogo la hewa. Mbegu iliyogusa udongo ilioza. Iliyofunikwa vizuri, asubuhi ukitia mkono unakuta ina joto. Hakuwa amewahi kumwambia mtu wa Njoro kuhusu kazi hiyo. Haikuwa ya kujivunia.

Alichagua gogo kubwa lililolala kwenye mteremko. Wakaegemeza mianzi juu yake, mmoja mmoja, mpaka ikawa kama mbavu. Ndani wakatandika fito mbili mbili. Kisha majani. Ya juu yalikuwa yamelowa chepechepe, lakini Edinah alichimba kwa mikono mpaka kwenye viwiko, na huko chini akayakuta makavu, yakinukia vumbi. Kihara alibeba kwa sweta, kwa shati, kwa kumbatio, akaenda akarudi mpaka viganja vikachanika. Edinah alichimba mfereji kwa kipande cha mwanzi, akiimba jina la Milcah ili amjibu.

"Milcah!"

"Mm."

"Milcah, wewe!"

"Mmm."

"Hii ni ndogo sana," Kihara alihema. "Tutageuka aje?"

"Hatugeuki. Kubwa ni ya kuonyesha watu. Leta majani mengine, hayajafika magoti."

Giza lilipoingia walikuwa ndani. Edinah alimvua Milcah nguo zote zilizolowa. Kwenye kibegi chake kidogo, ndani ya mfuko wa nailoni wa nepi, kulikuwa na leso ya kumbebea Jerry. Aliibeba bila hata kufikiri, kama mama yeyote. Ilikuwa kavu. Akafungua blauzi, akamlaza Milcah kifuani, ngozi kwa ngozi, vile manesi walivyomfundisha na Jerry, akazungusha leso, akafunga fundo. Kihara akageukia nje, mgongo wake ukaziba mlango mdogo. Majani wakajivutia juu mpaka shingoni.

Kwa muda mrefu mwili ule ulikuwa baridi kama samaki. Edinah alihesabu pumzi. Alimpulizia shingoni, akamsugua mgongo, akamwambia habari za Jerry, meno yake manne, anavyoita kila mnyama "mbwa". Mvua iligonga juu, ikapenyeza tone moja moja tu.

Kisha Milcah akatetemeka. Kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka fito zikalia.

"Anatetemeka!" Kihara alishtuka.

"Asante Yesu," Edinah alisema. "Mwache atetemeke."

Asubuhi mzee Kiprugut, askari wa msitu, alipita hatua tatu kutoka walipolala bila kuwaona. Kipkirui, aliyewangoja mpaka usiku na kwenda kumwamsha, alikuwa nyuma yake akipiga mbinja. Kihara alitoka akijitingisha majani. Halafu Edinah. Halafu Milcah, leso kifuani, akachechemea mwenyewe mpaka kwenye mwanga, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba ana njaa.

Mzee alipiga goti, akaingiza mkono kwenye majani. Bado kulikuwa na joto humo.

"Nani amejenga?"

"Yeye," Kihara alisema, akimwonyesha Edinah kwa kiganja kilichochanika. "Mimi nilikuwa wa kubeba majani."

"Mama, mianzi ya serikali haikatwi."

"Hatujakata hata mmoja. Angalia mwenyewe, mzee."

Akaangalia, fito kwa fito, mfereji, tundu la hewa. Akasimama, akavua kofia.

"Miaka ishirini na mbili niko msitu huu, na vijana wangu wa doria hulala wakitetemeka kama kuku. Hii isibomolewe. Watalala hapa."

Edinah alifunga vifungo vya blauzi yake, akamshika Milcah kiuno, akainua kidevu.

"Basi waambie waongeze majani upande wa juu," alisema. "Kuna mahali panavuja."