Kufukuzwa Kazi Matangani

Kila asubuhi Wambui alitoka nyumbani kwake, mji wa Blaine huko ughaibuni, kwa gari kuwatembelea wafanyakazi wake. Kazi yao ilikuwa kutunza wazee majumbani. Zamani alipiga hesabu za mishahara mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, na kodi za serikali zilimshinda. Basi akaikabidhi kampuni ya jimbo jingine mambo yote ya wafanyakazi: mishahara, kodi, bima, ruhusa, hata kufukuza. Akapata usingizi.

Kisha Uwimana, mmoja wa wafanyakazi hao, alifiwa na kaka yake huko Goma. Alimfuata bosi wake, akamwambia ana kwa ana.

"Pole sana, mama. Kaa nyumbani wiki hii."

Jumamosi Wambui alikwenda matangani, nyumbani kwa Uwimana huko Champlin, na sufuria ya pilau. Alikuwa anatafuna andazi simu ya Uwimana ilipolia. Uwimana akasoma ujumbe, akamgeukia Wambui.

"Mama Lenny, unanifukuza kazi huku unakula maandazi yangu?"

"Mimi?"

"Kampuni yako. Eti nimetoroka kazi! Watoto wangu watatu watakula nini?"

Mzee mmoja akasema, "Mwongezeni chai, amalize kufukuza vizuri."

Wambui akatoka nje kwenye theluji, akaipigia kampuni simu. Mashine ikamwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Mwishowe kijana akapokea.

"Namba yako ya mfanyakazi?"

"Sina namba! Mimi ndiye mwenye kazi!"

"Bila namba siwezi kukusaidia, mama."

Alirudi ndani. Jirani yake Alfred, aliyefanya kazi katika ofisi ya kusimamia wafanyakazi huko Roseville, akamvuta kando.

"Mishahara imewahi kuchelewa?"

"Hapana. Kodi ziko sawa. Bima imeshuka bei."

"Hayo waachie, wanayaweza kuliko wewe. Lakini ruhusa ulitoa kwa mdomo. Uliwaambia?"

Wambui akatikisa kichwa.

"Wako mbali. Wanaona mtu hayupo, hawaoni msiba. Ruhusa na kufukuza virudi kwako. Mkataba useme hafukuzwi mtu bila sahihi yako. Na ukitoa ruhusa, wajulishe siku hiyo hiyo."

Jumatatu mkataba ulibadilishwa, na kufukuzwa kwa Uwimana kukafutwa. Uwimana akarudi kazini, kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Bibi huyo alikuwa amekataa kuogeshwa na wafanyakazi wawili wageni waliotumwa badala yake.

Jioni moja Wambui alikuwa anakula. Simu ikaita.

"Hata tonge sipati kumeza!" Akapokea; alikuwa mfanyakazi wake mwingine. "Janvier? Mtoto ana homa? Kaa naye. Nawajulisha watu wa kampuni sasa hivi."

Akawajulisha. Ugali ulikuwa umepoa. Akaula hivyo hivyo.