Jitu la Darajani

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, na mpaka leo akiyasimulia sauti yake hushuka.

Kaka yake alikuwa safarini, akamwomba apite nyumbani kwake kufunga madirisha, maana wingu la mvua lilikuwa limetanda. Alipomaliza, akaiona ile gemu ya video ya kaka yake yenye jitu la darajani, lililomtoa jasho kila alipokuja kutembea. Akasema acheze mara moja tu. Jitu likamuua, akarudia, likamuua tena, mpaka vidole vikamuuma na nguo za wateja akazisahau. Hatimaye likaanguka. Akampigia kaka yake huku akicheka.

"Kaka, nimeliua."

"Wewe na nani? Lile haliuliki na mtu mmoja, mdogo wangu."

Papo hapo umeme ukakatika, na chumba kikawa giza totoro. Alipokata simu, akasikia vitufe vikibonyezwa upesi upesi, kama vya mtu anayepigania roho yake. Padi ya gemu, ile yenye vitufe aliyochezea, ilikuwa mapajani mwake, imetulia. Akawasha tochi ya simu. Padi ya pili ilikuwa kochini, ubavuni pake, na kitufe chake kimoja kilikuwa kimebonyea. Alipoinuka, nacho kikainuka, taratibu, kama kimeachiwa na kidole.