CD ya Tatu

"Chui Moja! Malori yametoka Likawage. Ova."

Mwanasha Mfaume alibonyeza redio yake ya mkononi, Motorola. "Mangapi?"

"Matatu, yote ya ufuta. Moja tu lina pembe za ndovu. Nikipekua bila hati, mwenye mali ataleta wakili wake na kesi imekufa. Nakupa saa moja, dada."

Aliyesema ni Abilahi, askari mwenzake wa kuzuia ujangili, akiwa kwenye kizuizi cha Nangurukuru. Mwanasha alikuwa ofisini Kilwa Masoko. Makao makuu yalikuwa yamemtumia faili asubuhi ile: mazungumzo ya simu yaliyonaswa juzi, mtu asiyejulikana akimweleza karani wa bandari lori lenyewe ni lipi. Hakimu Bertha hasaini hati mpaka asikie kwa masikio yake, na mahakama nzima ina redio moja tu, Panasonic ya CD.

Basi CD ichomwe.

Ofisi ililetewa kompyuta ya Linux kwa sababu haishikwi ovyo na virusi. Waliileta bila spika. Mwanasha alichoma CD ya kwanza, akaijaribu kwenye Discman yake.

Mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati.

Baiti za sauti zilikuwa zimepinduka, ya mbele imekaa nyuma. Akaongeza neno moja kwenye amri, akachoma ya pili.

Watu wakasikika, lakini wanakimbia, sauti nyembamba kama za vifaranga. Alijilaumu. Faili lilikuwa la sampuli chache, yaani vipande vichache vya sauti kwa sekunde, na CD inataka sampuli 44,100 kwa sekunde, kushoto na kulia. Akaligeuza faili, akapunguza kasi ya kuchoma, akasubiri huku anatafuna kucha.

CD ya tatu ilizungumza vizuri.

"Lori la katikati," mwanamume alisema. "Pembe ziko chini ya magunia. Mimi mwenyewe nitakaa na dereva..."

Humo kwenye CD mlango ukalia. Mwanamume akakatisha habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Sadick. Umeshakunywa chai?"

Mwanasha aliijua sauti ya mama yake. Na ile nyingine alikuwa amelala nayo miaka sita.

Juzi mumewe alimuaga kwamba anakwenda Tingi kumjulia hali mkwewe anayeumwa mguu. Kumbe kweli alikwenda! Mjinga we, Sadick. Unauza tembo wa nchi, lakini mkwe wako akiingia huwezi kunyamaza bila kumwamkia. Na ni kwa adabu hiyohiyo Mwanasha alimpenda.

Alilia, kiganja mdomoni.

Kompyuta imegoma. Angesema hivyo tu. Nani angebisha, wakati imeshagoma mara mbili?

Akafuta uso. Akachomeka bastola yake ya Browning kiunoni, akachukua CD, akawasha pikipiki ya Yamaha kwenda mahakamani.

Hakimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu Sadick ni nani?"

"Mume wangu, mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani. "Unajua mama yako ataitwa shahidi?"

"Najua."

Kalamu ikapita kwenye hati. Mwanasha akatoka nje na kutaja lori la katikati kwenye redio.

Robo saa baadaye Motorola ikakoroma.

"Chui Moja. Pembe sitini na mbili. Karani naye ameshikwa bandarini." Abilahi akashusha sauti. "Dada, na shemeji yumo. Anaomba kuzungumza na wewe."

"Mwambie niko kazini."

"Sawa."

"Abilahi."

"Naam, dada."

"Pingu ya mkono wa kushoto usiikaze. Uliwahi kuvunjika, bado unamuuma."

Alizima redio, akavaa miwani yake ya jua. Akapanda Yamaha na kushika njia ya Tingi, pole pole, akamweleze mama kabla hajasikia kwa watu.