Paka Kwenye Kompyuta ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi kazi za Chiriku zilikuwa zile zile: kufua sare za shule, kupiga deki sebuleni na kumpelekea bibi yake maji ya moto ya kukandia goti. Chiriku halikuwa jina lake halisi. Walimwita hivyo nyumbani na shuleni kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia jambo, hanyamazi mpaka wasikilizaji wamwombe. Mwalimu wake wa darasa la sita alikwisha kumhamisha dawati mara tatu, na kila alikohamia paligeuka soko.

Jumamosi hii alikuwa kimya. Alipiga deki mahali pamoja mara mbili, akasahau kabisa chini ya kochi. Jicho lake lilikuwa kwenye meza ndogo ya dirishani, ambako kompyuta ya mama ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe.

"Leo kuna nini?" Bibi aliuliza, mguu wake ukiwa ndani ya beseni. "Nimekaa hapa nusu saa nzima, na masikio yangu bado hayajachoka."

"Hakuna kitu, Bibi."

"Basi una homa. Njoo nikushike paji la uso."

Chiriku alicheka kicheko cha kulazimisha, akainama kukamua tambara. Tangu Alhamisi alikuwa akijiona kama mtu aliyeingia kwenye mtihani bila kusoma. Na mtihani kweli ulikuwepo, ila haukuwa wake. Ulikuwa wa mama.

Mama yake alikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati iliyo mwisho wa barabara yao. Kwa miaka mitatu alikuwa akisoma kwa njia ya mtandao ili awe muuguzi kamili. Alisoma akitoka kazini, alisoma akipika, mara nyingine mwiko ukiwa mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Leo, saa nne asubuhi, alikuwa afanye karatasi ya mwisho, hapo hapo nyumbani, kwenye ile kompyuta. Ukurasa wa mtihani ungefungwa saa nne na nusu kwa yeyote ambaye hajaingia. Atakayekosa, angoje mwaka mwingine.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Alhamisi, Chiriku alipomaliza kazi ya shule kwenye kompyuta hiyo, alikumbuka jambo aliloonyeshwa na rafiki yake. Kulikuwa na kirembesho, pambo dogo la kuongeza kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Ukikiongeza, kile kishale kidogo cha kwenye skrini kinageuka paka wa rangi ya chungwa, anayekimbia huku na huku akiacha alama za nyayo. Mama alikuwa amemkataza waziwazi kuongeza kitu chochote. Chiriku alijiambia kwamba paka mmoja si kitu. Akabofya.

Paka alikimbia kwa dakika tano hivi, akapendeza kweli. Halafu kivinjari kikaganda, kikajifunga chenyewe. Chiriku alikifungua tena, kikajifunga tena. Ijumaa alijaribu kukitibu kwa siri. Aliingia kwenye mipangilio, akaona mahali palipoandikwa "Futa data", akatia alama kwenye kila kisanduku na kufuta vyote. Haikusaidia. Akaifunika kompyuta kile kitambaa kama mtu anayefunika chakula kilichochacha, akiomba ipone yenyewe.

Saa tatu na nusu mama aliingia, viatu vyeupe vya zahanati mkononi.

"Hamjambo humu ndani? Chiriku, nipe maji mwanangu. Leo sitaki kuongeleshwa na mtu mpaka saa saba."

Alinawa, akakaa, akaiwasha kompyuta. Chiriku alisimama nyuma yake na bilauri ya maji. Kivinjari kilifunguka. Mama akaanza kuandika anwani ya chuo. Kabla hajafika katikati, skrini iliganda, na dirisha lote likatoweka.

"Ee! Hii nayo imeingiwa na nini?"

Akajaribu tena. Likatoweka. Mara ya tatu, vilevile. Chiriku aliona vidole vya mama vikianza kukosea herufi. Vidole hivyo hivyo humchoma sindano mtoto mchanga bila kukosea.

Mama aliichukua simu, akampigia mdogo wake. Mama mdogo wa Chiriku alikuwa fundi wa kompyuta kwenye mji mwingine, mtu wa maneno machache, asiyeshtuka hata jengo likiungua. Mama aliweka sauti ya simu juu, akaieleza hali kwa pumzi moja.

"Dada, tulia," sauti ya mama mdogo ilisema. "Mtihani saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini wanafunga mlango saa nne na nusu."

"Tuna muda. Nijibu jambo moja kwanza. Siku hizi mbili tatu, kuna chochote kilichoongezwa kwenye hiyo kompyuta? Programu, mchezo, kirembesho, chochote?"

"Mimi? Sithubutu hata kubadilisha picha ya mbele." Mama aligeuka. "Chiriku, wewe umeongeza kitu humu?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Chiriku alijua hivyo wakati ule ule. Aliutazama uso wa mama uliolowa jasho.

"Hapana, mama."

"Hapana," mama alirudia kwenye simu.

"Sawa. Basi tuangalie mengine. Izime, uiwashe upya."

Wakaizima na kuiwasha. Dakika nne zikaenda. Kivinjari kikajifunga. Mama mdogo akasema labda programu imepitwa na wakati, wapakue toleo jipya kwa njia nyingine. Mstari wa buluu ulitambaa kwenye skrini kama konokono mwenye mizigo. Saa ya ukutani ikapita saa nne. Toleo jipya likaingia; kivinjari kikafunguka, kikaganda, kikajifunga.

"Ina joto? Iguse chini."

"Ya kawaida tu."

"Diski ina nafasi?"

"Ipo tele. Jamani, saa nne na dakika nane!"

"Dada, naogopa huenda ni mashine yenyewe. Kuna jirani mwenye kompyuta?"

"Jirani gani? Wote wana simu tu, na mtihani haukubali simu." Sauti ya mama ilikuwa imepanda. Macho yake yakazunguka chumba kizima, yakamwangukia Bibi. "Mama, jana jioni wewe ndiye uliyeitumia. Ulibonyeza nini?"

Bibi alitoa mguu kwenye beseni taratibu. Jana alikuwa akijaribu kutazama namna ya kufuma soksi za watoto, na video ilimkatikia mara mbili.

"Nilibonyeza kile kitufe kirefu, ili isimame," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu ilizimika. Nikadhani ndivyo inavyofanya. Nisamehe, mwanangu. Mikono yangu hii haina akili ya vitu hivi. Sitaigusa tena."

Bibi aliketi akiitazama mikono yake, akaificha chini ya khanga kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Kukaa kimya Chiriku alikuwa ameweza kwa siku mbili. Kumwona Bibi akiomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, hilo hakuliweza.

"Si Bibi!" alisema, na bilauri ikamponyoka, maji yakamwagika kwenye sakafu aliyoideki. "Si Bibi, mama. Ni mimi. Niliweka paka."

"Uliweka nini?"

"Paka. Kwenye kivinjari. Alhamisi. Kirembesho cha paka anayekimbia. Kivinjari kilianza kujifunga siku ile ile, na nikaogopa kusema. Halafu ulipouliza nikadanganya."

Mama alifumba macho, akayafumbua. Chiriku alingoja kelele, lakini sauti iliyosikika kwanza ilitoka kwenye simu.

"Chiriku, mwanangu, sogea karibu. Dada, utamgombeza baadaye, sasa tufanye kazi. Zimeni mtandao."

"Kuuzima mtandao?" mama alishangaa.

"Ndiyo. Huyo paka huchota mambo yake mtandaoni. Bila mtandao hatapata nguvu ya kutuharibia. Umezima? Fungueni kivinjari, msiandike anwani yoyote."

Kilifunguka. Watu watatu walikikodolea macho bila kupumua. Hakikujifunga.

"Kimetulia!" Chiriku alisema.

"Vizuri. Kule juu pembeni kuna vidoti vitatu. Bofya hapo, utafute 'Viendelezi', ndiyo orodha ya vitu vilivyoongezwa. Nisomee unachoona."

Chiriku alisoma. Vilikuwa viwili: kamusi ya mama, na Paka Mchangamfu. Picha yake ilikuwa ikitabasamu.

"Mwondoe huyo wa pili. Ikikuuliza kama una hakika, ikubalie."

Ilimuuliza. Akakubali. Wakawasha mtandao. Mama aliandika anwani ya chuo, herufi moja moja, kana kwamba anatembea juu ya mayai. Ukurasa ulifunguka. Ukabaki umefunguka. Saa nne na dakika kumi na tisa.

"Mungu wangu, asante," mama alinong'ona, akasogeza kishale kwenye kisanduku cha kuingilia.

Chiriku alikumbuka jambo. Safari hii hakungoja aulizwe.

"Mama, kuna lingine. Jana nilifuta vitu vyote kwenye mipangilio. Nilidhani kitapona. Labda hata nenosiri lako limefutika."

Na kweli, kisanduku kilikuwa kitupu. Mama alikuwa na miezi mingi hajaliandika kwa mkono, na kichwa chake wakati ule kilikuwa kama debe lililotikiswa. Alijaribu moja, likakataliwa. Akajaribu jingine, likakataliwa.

"Usijaribu la tatu, watakufungia," mama mdogo alisema haraka. "Bofya 'Nimesahau nenosiri'. Watakutumia namba kwa ujumbe. Mimi nakata simu ili uwe huru nayo. Dada, ukiingia, usahau yote haya. Fanya mtihani wako."

Simu ikakatika. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, maana hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Dakika ishirini na moja. Ishirini na mbili. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Bibi alikuwa akisogeza midomo bila sauti. Dakika ishirini na nne, simu ikatetema.

"Nisomee!" mama alisema, akampa Chiriku simu.

Chiriku aliisoma namba mara mbili, polepole, kila tarakimu peke yake. Mama akaweka nenosiri jipya. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukaandika: "Karibu. Mtihani wako umeanza." Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na saba.

Mama alivuta pumzi ndefu, akanyoosha mgongo, akaanza kusoma swali la kwanza. Alikuwa amepoteza dakika ishirini na saba za mtihani, na hazikurudishwa.

Chiriku alimshika Bibi mkono, akamwongoza polepole mpaka jikoni, akafunga mlango. Alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, Bibi. Niliacha ulaumiwe."

"Uliacha, ndiyo," Bibi alisema. Hakumrahisishia. "Iliniuma. Lakini hukuacha mpaka mwisho. Inuka, magoti mabaya humu ndani yanatosha yangu."

Saa saba kasoro mama alitoka, macho mekundu, mabega yamelegea. Maswali mawili ya mwisho hakuyamaliza, alisema, ila mengine aliyajibu vizuri, na alidhani yatatosha. Kwanza alikwenda kwa Bibi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, nilikukosea. Nilikurukia kabla ya kujua."

Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya Chiriku. Chiriku aliinamisha kichwa.

"Niangalie. Kuhusu kompyuta, hutaigusa mpaka muhula uishe. Kazi za shule utafanyia maktaba, utembee kwa miguu. Hilo ni la kuvunja katazo langu, na tumelimaliza."

"Ndiyo, mama."

"Lakini sikiliza hili lingine, maana ndilo kubwa. Mwezi uliopita aliletwa zahanati kijana anatapika. Nikamuuliza, umemeza nini? Akasema, sijameza kitu. Aliona aibu mbele ya baba yake. Tukamtibu malaria, tukamtibu tumbo, huku anazidi kulegea. Saa nzima. Baba alipotoka nje ndipo akaniambia alikunywa dawa za bibi yake kwa mzaha wa wenzake. Tukajua la kufanya, akapona. Dawa zilimdhuru, sawa, lakini ile 'sijameza kitu' ndiyo nusura imuue. Sisi tulikuwa pale na dawa mikononi, tayari kumsaidia, naye akatufunga macho."

Chiriku machozi yalimtoka.

"Mama yako mdogo aliuliza swali la maana tangu mwanzo," mama aliendelea, sauti yake sasa imelainika. "Ungejibu kweli, ningeingia mtihanini saa nne kamili. Mtoto kuharibu kitu, hilo hutokea. Mimi mwenyewe nimeharibu vingi. Ila ukiharibu, uje useme mapema, useme lote, hata kama miguu inakutetemeka. Anayetaka kukusaidia hawezi kutengeneza asichokijua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nitasema mapema. Na nitasema lote."

"Na lile la nenosiri ulilisema kabla sijakuuliza," mama alisema, akamfuta shavu kwa kidole gumba. "Hilo nimeliona pia. Haya, nenda kafute yale maji sebuleni kabla mtu hajateleza."