Chumvi ya Ukutani kwa Arwa

Weka mkono kifuani uape kwamba hili litaishia kwako. Umeapa? Vizuri. Mimi niliapa vilevile mbele ya Arwa, jirani yangu, na ndiyo haya nakusimulia. Meno yamelegea, ulimi ungekazwa na nini?

Arwa na mumewe Nashwan walihamia nyumba mpya hapa Dearborn, Marekani, mtaa wetu huu. Aliyewajengea ni Muthana, mdogo wake Arwa, ambaye dada mtu alimlea mgongoni kule kwetu Ibb, Yemeni. Msingi ulipochimbwa walimkabidhi kondoo, amchinje shimoni kabla zege halijamwagwa, kama tufanyavyo sisi Wayemeni, ili mwenye ardhi asiyeonekana apate chake. Hawakwenda kushuhudia. Ndugu wa tumbo moja anakaguliwa? Muthana akawaletea picha ya kondoo aliyechinjwa, nao wakashukuru.

Mwezi wa kumi na mbili wa kukaa humo, ukatokea ufa kwenye ukuta wa chumba cha chini, anakolala mama yao Arwa na Muthana. Zege likawa linatoa jasho, na jasho likikauka linaacha chumvi nyeupe. Hilo hutokea kwa zege bovu. Lakini kila asubuhi chumvi ilikuwa imeondoka, na ukutani zimebaki alama za ulimi.

Arwa akamwita mdogo wake.

"Dada, hili si zege, ni jini," Muthana akasema, bila hata kuinama aangalie. "Tafuta sheikh."

"Na dhamana yako ya mwaka mmoja?"

"Dhamana yangu ni ya ujenzi. Majini siyajui."

Dhamana ilibakiza siku tisa. Zikipita, ukuta ukianguka ni shauri lao. Na mama alikataa kuhama kile chumba. "Kajenga mwanangu," alisema, "hauwezi kuniangukia."

Siku moja, mchana wa jua kali, Arwa akikunja nguo kule chini, ikamjia harufu ya manyoya yaliyolowa, kisha kwato, taratibu, ndani ya zege lenyewe, zikitoka upande wa dirisha, zikipita nyuma ya kitanda cha mama na kurudi, na kila zilipofika kwenye ufa zilisimama, ukasikika ulimi mkavu ukikwaruza, ukikwaruza, na ufa ukaachia unene wa uzi mwingine, huku mama amelala fofofo, uso ameuelekeza ukutani.

Sheikh Kaidi akaja. Akapitisha kidole kwenye ufa, akakinusa.

"Jini yupo," akanong'ona. "Sasa niambie, nani huingia humu mkitoka?"

"Hakuna mtu, sheikh."

"Hii plasta ni mbichi. Jini hanunui plasta."

Arwa akakaa kitandani kwa mama yake. Ufunguo wa akiba alikuwa nao mtu mmoja tu.

Ijumaa akampigia simu Muthana, sauti laini kama siagi: mkaguzi wa mji anakuja kesho kuangalia ukuta, na leo sote tunakwenda msikitini, hata mama.

Tulirudi kabla hotuba haijaisha. Arwa, Nashwan, mama katikati, sheikh, na mimi nyuma na sufuria ya mchuzi wa uwatu, nisije nikaulizwa nimefuata nini.

Tukamkuta Muthana amepiga magoti, ndoo ya plasta pembeni, mkono umezama ukutani hadi kiwiko, anasokomeza magazeti.

"Nilitaka kuwasaidia tu," akasema. "Nilitaka mkirudi mkute pamekaa vizuri."

"Nondo za ukuta huu umeweka ngapi?" Arwa akamuuliza.

Akatazama ndoo. "Nusu, dada."

"Nilikubeba mgongoni, Muthana. Na humu analala mama."

Mama akamsogelea, akishikilia bega langu. "Yule kondoo ulimchinjia wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza wapi."

"Sikumchinja. Nilimuuza. Ile picha ilikuwa ya kondoo wa watu."

Harufu ya manyoya mabichi ikajaa chumbani, ikauzidi hata uwatu wangu.

"Toa mkono, twende juu," Nashwan akasema.

Muthana akavuta. Akavuta tena, bega likalia. Akatugeukia mmoja mmoja, midomo imemkauka, hadi macho yake yakamfikia Arwa.

"Dada," akanong'ona, "kuna kitu kinanilamba."