Nyuma ya Kiroba cha Unga

Kila asubuhi Chiriku ndiye aliyewasha jiko. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akipuliza moto alisimulia ndoto zake; akichota maji alimweleza bibi yake habari za shule, hata kama bibi alikuwa amesinzia. Tangu mama alazwe hospitalini, wawili hao ndio waliopika, na baba alikula alichopewa bila kunung'unika.

Siku hiyo Chiriku alikuwa kimya. Muuguzi alikuwa anakuja kukagua jikoni kwao. Baba alikuwa ameeleza jambo hilo jana yake wakati wa chakula. Dawa alizotumia mama zilikuwa zimempunguzia kinga ya mwili, kwa hiyo uchafu kidogo tu kwenye chakula ungeweza kumrudisha wodini, au kumfanyia baya zaidi. Daktari hangemruhusu kutoka mpaka mahali pa kupikia chakula chake pakaguliwe.

"Wakipakataa hapa, mama yako haji," baba alimaliza, na chakula kikawashinda wote.

Na kweli jikoni palikuwa pamechoka. Baba alikuwa fundi mwashi, na majirani walimtania kwamba anajenga nyumba za watu huku yake ikimwangukia kichwani. Bati lilikuwa jeusi kwa masizi, ukuta ulikuwa na nyufa, na meza ilisimama kwa msaada wa kipande cha tofali. Chiriku alisugua sufuria mpaka zikang'aa, akabandika picha ya maua juu ya ufa mkubwa. Kisha akavuta kiroba cha unga ili afagie pembeni.

Moyo ulimpasuka paa. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu, na sakafuni kinyesi cha panya kilikuwa kimetapakaa. Kona ya kiroba ilikuwa imetafunwa.

Alitega sikio. Bibi alikuwa uani akianua nguo. Chiriku akazoa uchafu ule haraka, akaziba tundu kwa gazeti, akakigeuza kiroba ili upande uliotafunwa uelekee ukutani. Akanawa mikono kwa sabuni. Akasali kimoyomoyo: Ee Mungu, wewe unayeona yote, fanya sista wa hospitali asiangalie nyuma ya kiroba. Hakuwahi kumwomba Mungu amsaidie kuficha kitu.

Muuguzi, aliyeingizwa jikoni na baba, alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti. Hakuyatazama maua. Alipitisha kidole kwenye ubao wa kukatia, uliokuwa umechimbika kwa visu, akauliza kama nyama mbichi na mboga zinakatwa hapo hapo. Bibi akakubali. Akauliza maji ya kunywa yanachotwa kwa chombo gani, akaonyeshwa kikombe kile kile kilichoshikwa na kila mkono. Akaiondoa dawa ya mende iliyokuwa rafuni kando ya chumvi. Kila alipogeuka, jicho la Chiriku liliteleza hadi kwenye kiroba, likakimbia.

"Mwanangu," bibi alisema, naye amekunja uso, "nimepika humu tangu baba wa huyu hajaota meno. Sijazika mtu kwa chakula changu."

"Naamini, mama," muuguzi alijibu. "Lakini hao walikuwa wazima. Huyu tunayemleta, mwili wake hauna askari."

Bibi akalainika. Muuguzi akawaelekeza: nyama iwe na ubao wake, maji yachemshwe na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, na mgonjwa asipewe kiporo kabisa. Hayo, alisema, yangeweza kufanyika siku hiyo hiyo, na kesho mama angeletwa. Baba alishusha pumzi kama aliyetua mfuko wa saruji. Bibi akapiga makofi.

"Nitampokea kwa uji," alisema, akikipapasa kiroba. "Wa unga huu huu."

Chiriku akamwona mama yake akilini, ameshika kikombe, anakipeleka mdomoni.

"Bibi, usiupike."

Wote wakamgeukia. "Una nini wewe?" baba aliuliza. "Tangu asubuhi umemeza ulimi, na sasa unaukataa unga?"

"Umeliwa na panya. Kuna tundu pale nyuma. Nililiziba kwa gazeti ili sista asione."

Baba alikivuta kiroba, na unga ukamwagika kupitia ile kona. Bibi alikaa kwenye kigoda, kiganja mdomoni. Muuguzi akasema kwa upole kwamba kesho haitawezekana tena. Panya huacha maradhi kwa mkojo na kinyesi chao, na unga walioufikia ni wa kutupwa tu. Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mama alikuwa aje, naye kwa mdomo wake mwenyewe amemzuia.

Baba hakumgombeza. Jioni ile alichanganya saruji na vipande vya chupa ili panya wasitoboe tena, akaziba tundu, kisha akabandua picha ya maua na kuziba ufa. Bibi aliufukia unga shimoni, ingawa ulimuuma, na unga mpya ukawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Kila asubuhi Chiriku alimulika pembeni kwa tochi, akiogopa atakachokiona. Muuguzi aliporudi, Chiriku mwenyewe ndiye aliyesogeza vyombo vyote kutoka ukutani ili akague.

Mama akaja, amekonda, anatembea taratibu. Alipoletewa uji, Chiriku alimkodolea macho kila alipokunywa.

"Mbona unanihesabia mafunda?" mama aliuliza.

Bibi akamweleza yote, bila kumpunguzia mjukuu wala kumwongezea. Mama alikiweka kikombe chini, akamshika mwanawe mkono.

"Jikoni kuchakaa si aibu, mwanangu," alisema. "Ukuta mbovu watu watauona na kuutengeneza. Hatari uliyoificha hakuna atakayeitengeneza, na ndiyo ingeniumiza mimi. Ukiona jambo baya kwenye chakula, sema, hata kama kusema kutakuchelewesha kupata unachokitamani sana."

Kisha akakiinua kikombe, akanywa uji wote, akaomba kidogo tena.