Ploti ya Bondeni

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Nerima alimfuata mamake kuwaonyesha wateja ploti za Kiamunyi. Kuuza ploti ni kazi ya miguu na mdomo, na Mama Nerima alijaliwa vyote viwili. Bahati tu ndiyo iliyomkimbia. Tangu Krismasi hakuwa ameuza hata moja, na asipouza mwezi huo, Nerima angepelekwa kuishi kwa nyanya yake Bungoma. Nyanya alimpenda sana, lakini nyanya si mama.

Jumamosi hiyo mteja alikuwa Mzee Jamleck, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok. Alitaka kumjengea mkewe nyumba mahali penye joto, kwa kuwa baridi ya huko juu ilimuumiza magoti. Ploti ya bondeni ilimpendeza papo hapo. Mama alipoenda kutafuta bikoni za kuonyesha mipaka kwenye nyasi, mzee alimwinamia Nerima.

"Mtoto, nyinyi ndio mnacheza huku. Mvua ikinyesha, maji hukaa hapa?"

Nerima alijua vizuri. Msimu wa mvua yeye na wenzake walikuwa wakishika vyura hapo. Lakini aliiwazia Bungoma, akatikisa kichwa.

"Hapana, guka," akamjibu babu huyo. "Hukauka tu."

Nyuma yao Mama alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia. Aliona aibu, kisha akamgeukia mteja.

"Mzee, mtoto alitaka kunisaidia. Mvua ikija, hapa maji hufika magotini. Hata mimi nilikuwa nimenyamaza, na hiyo si sawa. Unisamehe."

Mzee alitoa funguo za gari mfukoni, kama anayetaka kuondoka. Machozi yakamlengalenga Nerima.

"Sasa Mama Nerima," mzee akasema polepole, "kama ni mama yako anajengewa, ungempeleka wapi?"

Mama aliwapeleka kwenye mwinuko. Ploti ya huko ilikuwa ndogo na barabara yake mbovu, naye aliyasema hayo kabla ya kuulizwa. Jumatatu mzee alimleta mkewe, wakainunua. Safari ya Bungoma ikafutwa.

Jioni hiyo Mama alimkumbatia bintiye.

"Ulidanganya kwa sababu unanipenda, najua. Lakini yule mke wa mzee na magoti yake angelala kwenye maji ili sisi tulale pakavu. Uongo wako na kimya changu vingemzamisha sawasawa. Tusirudie, mwanangu, hata tukikosa mteja."